Kulitafsiri neno "kickshaw": mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisahihisha tafsiri za vijana wanaojifunza ukalimani na kazi ya kuongoza watalii hapa Arusha, na sijaona neno dogo la Kiingereza lililowaangusha wengi kwa namna ileile kama "kickshaw". Wapo waliolisoma haraka wakaona "rickshaw", wakaandika kwamba mgeni aliletewa bajaji mezani. Wapo walioona "kick" mwanzoni, wakatafuta teke. Wengi zaidi, na hao ndio ninaowaandikia, walifika kwenye maana ya jumla, yaani kitu kidogo kisicho na thamani, wakaandika "vitu vidogovidogo" na kuendelea na sentensi iliyofuata wakiamini kwamba kazi imekwisha.

Kazi ilikuwa haijaanza. Anayesema "kickshaw" anakitazama kitu kwa jicho fulani, mara nyingi la dharau, na msomaji wa Kiswahili asipolihisi jicho hilo amenyimwa nusu ya sentensi. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kulihamisha neno pamoja na jicho lake.

## Vinavyohitajika

Viweke tayari kabla ya kuanza, kwa sababu ukianza kuvitafuta katikati ya kazi utashawishika kukisia.

- Ukurasa mzima wenye neno hilo. Sentensi peke yake haitoshi, na sababu utaiona katika hatua ya 3.
- Kamusi kubwa ya Kiingereza inayoonyesha matumizi ya kale, kama Oxford English Dictionary.
- Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, iwe Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya Kiswahili. Hii ndiyo inayosahauliwa zaidi, kwa kuwa mtu aliyezaliwa katika lugha hudhani kwamba haihitaji.
- Daftari na penseli.
- Mtu mmoja anayesema Kiswahili vizuri na ambaye hajaiona sentensi ya Kiingereza. Mwombe mapema, maana utamhitaji katika hatua ya 7.

## Hatua ya 1: Lisome herufi kwa herufi, kisha ulitamke

Liandike neno kwenye daftari kwa mkono wako. Kisha litamke "kik-shoo", mkazo ukiwa kwenye silabi ya kwanza. Sababu ni kwamba makosa mengi hutokea machoni kabla hayajafika akilini: jicho lililozoea "rickshaw" hujaza herufi ambazo hazipo. Maneno hayo mawili hayana undugu wowote, kwani "rickshaw" lilitoka Kijapani na hili lilitoka Kifaransa.

Umefaulu ukiweza kuliandika bila kulitazama na kulitamka bila kusitasita.

## Hatua ya 2: Amua kama ni kimoja au ni vingi

Historia ya neno nitaigusa hapa tu, na kwa kiasi kinachohitajika kazini. Neno lilianza kama "quelque chose", maneno ya Kifaransa yenye maana ya "kitu fulani". Waingereza waliliingiza katika lugha yao mwishoni mwa karne ya 16 na kuliandika kwa tahajia nyingi, hatimaye likawa "kickshaws". Herufi "s" ya mwisho ilikuwa sehemu ya neno lenyewe. Ndiyo maana Shakespeare, katika tamthilia ya Twelfth Night, alipotaka wingi aliandika "kickshawses". Baadaye masikio ya Waingereza yaliichukua "s" hiyo kuwa alama ya wingi, yakaikata, na "kickshaw" likazaliwa kama umoja.

Mswahili haoni ajabu katika jambo hili, kwa sababu masikio yetu yamefanya hivyohivyo upande wa mbele wa neno. "Kitabu" lilitoka Kiarabu, na "ki" yake ilikuwa sehemu ya mzizi. Sisi tuliisikia kama kiambishi, tukapata "vitabu". Kibao cha barabarani kilichomwambia dereva akae kushoto kilitupa "kipilefti", na leo hakuna anayeshangaa kusikia kwamba mji una "vipilefti" kadhaa.

Kwa hiyo, katika maandishi ya kale, "s" isikudanganye. Tazama kitenzi kilicho karibu na uangalie kama kuna "a" mbele ya neno. Ukikuta "a kickshaws", ni kimoja, na Kiswahili chake kitaanza na "ki". Katika maandishi ya siku hizi "kickshaw" ni umoja na "kickshaws" ni wingi, wala hakuna mtego.

Umefaulu ukiwa umeandika "ki" au "vi" pembeni mwa neno, na kando yake sababu yako kwa maneno mawili au matatu.

## Hatua ya 3: Tafuta ni maana ipi

Hapa ndipo ukurasa mzima unapohitajika. Neno lina matawi yafuatayo, na kila moja linadai Kiswahili tofauti.

Chakula. Hii ndiyo maana ya kwanza. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alieleza kwamba ni chakula kilichobadilishwa na upishi hata ni vigumu kukitambua. Ili kuielewa hukumu hiyo, kumbuka kwamba kwa Mwingereza wa zamani chakula chenyewe kilikuwa pande la nyama lililookwa na kuonekana wazi kuwa ni nyama. Kilichokatwakatwa, kikapondwa, kikapambwa na kuletwa katika kisahani kwa mtindo wa Kifaransa kilikuwa kitu cha kuchezea ulimi. Mfikirie mzee aliyeketi kwenye baa ya nyama choma, ameagiza kilo moja na nusu ya mbuzi, kisha mhudumu anatanguliza katlesi mbili na kachori moja juu ya jani la saladi. Anavyokitazama kisahani kile ndivyo neno hili linavyokitazama chakula.

Usichukue maneno ya Johnson juujuu, lakini. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kama mtori nao ungeitwa hivyo, kwa kuwa ndizi na nyama huchemshwa na kupondwa hadi aliyekuja ukubwani Moshi akitokea mbali hawezi kusema kuna nini ndani ya bakuli. Lilikuwa swali zuri. Jibu ni hapana, kwa kuwa Mchagga humpa mtori mzazi aliyetoka kujifungua ili apate nguvu, na hakuna anayeketi mbele ya bakuli hilo akilalamika kwamba chakula bado hakijaja. Kubadilika sura hakutoshi. Lazima msemaji awe anaona kwamba kilicholetwa hakishibishi.

Kitu. Hiki ni kipambo au kidude cha bei ndogo, kinachowekwa rafuni au kuvaliwa kwa ajili ya kuonekana tu. Katika Kiingereza cha leo maana hii na ile ya chakula ndizo utakazokutana nazo zaidi.

Jambo. Katika mfano wa Twelfth Night niliotaja, mhusika mmoja amesema kwamba anapenda michezo ya vinyago na sherehe, na mwenzake Sir Toby anamuuliza kama ana ustadi katika hizo "kickshawses". Hapo hakuna sahani wala rafu. Kinachozungumzwa ni starehe na maonyesho. Aliyeandika "vitafunio" hapo, na wapo waliofanya hivyo, hakusoma mstari uliotangulia.

Mtu. Matumizi haya yamekufa, ila unaweza kuyakuta katika maandishi ya kale. Mshairi wa Kiingereza John Milton, katika andiko lake la mwaka 1644 kuhusu elimu, aliwasema vijana wa Kiingereza wanaopelekwa Paris na kurudishwa wakiwa waigaji, nyani na "kickshaws", ingawa yeye alilitahajia kwa namna yake. Ni mtu aliyejaa mapambo ya kigeni na asiye na kitu ndani.

Onyo: usiamue kwa kufuata maana ya kwanza unayoikuta kwenye kamusi. Rudi nyuma mistari 5, soma mbele mistari 5, kisha jiulize kama kinachotajwa kinaliwa, kinashikwa, kinafanywa au kinatembea kwa miguu miwili.

Umefaulu ukiweza kuandika neno moja kati ya haya manne daftarini bila alama ya kuuliza.

## Hatua ya 4: Jiulize anayedharau ni nani, na kitu ni cha nani

Hii ndiyo hatua ninayoijali kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Siku moja nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha shanga, si mbali na Mnara wa Saa. Mgeni mmoja, mama mtu mzima kutoka Uingereza, alikuwa amenunua bangili na mikufu kadhaa, akamwambia kijana aliyemwongoza kwamba amejipatia "kickshaws" zake chache za kupeleka nyumbani. Alilisema kwa furaha. Kijana akamgeukia muuzaji: "Mama, anasema amenunua takataka kidogo." Mama yule aliuweka mkasi chini na hakusema neno. Alikuwa ameketi na uzi na sindano tangu asubuhi, na wale waliokuwa wameketi naye walimtazama yeye kwanza, kisha wakamtazama mgeni ambaye bado alikuwa akitabasamu.

Kijana hakukosea maana ya kamusi. Alikosea mwenye kitu. Mgeni alikuwa akisema juu ya vitu vyake mwenyewe, vilivyokwisha kuwa mali yake, na mtu anayeshusha kilicho chake anaonyesha unyenyekevu. Kiswahili kinalijua jambo hili vizuri sana. Ukimpelekea shangazi kanga na kusema, "Shangazi, nimekuletea kijizawadi," umesema kwa adabu. Jirani akiingia na kusema, "Ameletewa kijizawadi," ametukana, ingawa neno ni lilelile.

Kwa hiyo andika majina mawili daftarini: jina la msemaji na jina la mwenye kitu. Kama ni mtu mmoja, tafsiri yako iwe laini. Kama ni watu wawili, na msemaji anazungumzia kilicho cha mwenzake, dharau lazima isikike. Hali ya tatu ni ya mwenyeji anayewaandalia wageni. Katika Henry IV, Sehemu ya Pili, tamthilia nyingine ya Shakespeare, mzee Shallow anaagiza njiwa, kuku wawili wa miguu mifupi, pande la nyama ya kondoo, na "pretty little tiny kickshaws" zozote. Vivumishi vitatu vya upole vimepangwa mbele ya neno moja. Hapo hakuna dharau. Ni mzee anayetaka meza yake ipendeze, na aliyemtilia mzee huyo kejeli mdomoni amemharibu.

Umefaulu ukiweza kumweleza mtu mwingine, kwa sentensi moja, kwa nini msemaji hakutumia neno la kawaida.

## Hatua ya 5: Chagua Kiswahili

Sasa ndipo unapofungua kamusi ya Kiswahili. Usianze kwa kutafuta neno moja litakalofaa kila mahali, kwa sababu halipo. Anza na tawi ulilolipata katika hatua ya 3.

Kwa chakula tunayo "mapochopocho" na "madikodiko". Yote mawili husifu, na hapo ndipo wengi hukwama: wanaona maana imefika lakini sauti imegeuka. Dawa ipo katika sarufi yetu wenyewe. Chukua neno la sifa na ulipunguze kwa "viji", upate "vijipochopocho" au "vijidikodiko". Kiambishi hicho hukidogosha kitu, na msikilizaji husikia kwamba msemaji hakiheshimu au, kwa mzee Shallow, kwamba anakibembeleza. Sentensi ya Kiingereza inayosema kwamba mtu alizidharau "kickshaws" akataka nyama ya ng'ombe, mimi ningeiandika hivi: "Alivibetulia midomo vile vijipochopocho, akaita nyama ya ng'ombe." Ya Shallow ningeimalizia "na vijidikodiko vyovyote vizuri, vidogovidogo, vya kupendeza".

Kumbuka kanuni ya umbo. Mizizi mifupi hudai "kiji" hata pasipo dharau, kama "mti" na "kijiti". Neno lenye mzizi mrefu hutosheka na "ki", kama "mlima" na "kilima". Ukiongeza "ji" mahali ambapo haikuhitajika, kama katika "kijitoto" badala ya "kitoto", umeongeza ukali. Hicho ndicho kipimo chako cha dharau, na unaweza kukipandisha au kukishusha kwa silabi moja tu.

Kwa kitu, "kijipambo" ni tafsiri yangu ya kwanza: "Rafu yake ilijaa vijipambo vya kila namna." Pale ambapo vitu ni mchanganyiko usio na mpango, "vikorokoro" hufaa, na "makorokoro" hufaa zaidi kama msemaji amechoka navyo na anaona vinamjazia nyumba. "Mazagazaga" ni neno zuri la mazungumzo na lina faida ya kugusa chakula na vitu kwa pamoja, kama neno la Kiingereza lenyewe. Liweke katika mdomo wa mhusika, usiliweke katika maelezo rasmi.

Kwa jambo, yaani starehe na maonyesho, tunayo "mbwembwe" na "madoido", na sioni haja ya kutafuta zaidi. Sir Toby ningemfanya aulize: "Je, unaziweza mbwembwe hizi, bwana?"

Kwa mtu, "kinyangarika" linatosha kabisa. Neno hilo la Kiswahili humaanisha kitu au mtu asiye na thamani, na ukali wake unalingana na wa Milton.

Onyo: epuka "takataka" katika matawi yote. Takataka hutupwa, na hii haitupwi. Huwekwa rafuni, huvaliwa, hupakuliwa kwenye sahani nzuri. Kinachomkera mwenye kudharau ni kwamba kitu anachokiona hakina maana kimepewa heshima na mwingine. Epuka pia "upuuzi", isipokuwa pale ambapo msemaji amekasirika waziwazi.

Umefaulu ukiwa na neno moja lililoandikwa na jingine la akiba, ukijua tofauti ya ukali kati yake.

## Hatua ya 6: Lihakikishe dhidi ya ndugu zake

Kiingereza kina ukoo mzima wa maneno ya vitu hafifu, na mwandishi aliyechagua "kickshaw" aliyaacha mengine kwa makusudi. "Trinket" huelekea kwenye pambo la kuvaa. "Bauble" lazima king'ae. "Trumpery" lina asili ya Kifaransa yenye maana ya kudanganya, kwa hiyo ndani yake mna ulaghai ambao "kickshaw" haina. "Bagatelle" ni jambo dogo lisilostahili kubishaniwa, na pia ni jina la kipande kifupi cha muziki. Beethoven alitunga kadhaa. "Trifle" ni neno la kawaida zaidi, na pia ni kitindamlo cha keki na malai, hivyo soma kwa uangalifu unapolikuta karibu na meza.

Kilichomo katika "kickshaw" na kisichomo kwa ndugu zake ni harufu ya ugeni na ulimbwende. Kama tafsiri yako ingeweza kusimama vilevile kwa "trinket", rudi hatua ya 5.

## Hatua ya 7: Isome kwa sauti mbele ya mtu

Msomee yule mtu uliyemwomba aya nzima ya Kiswahili, usimwonyeshe Kiingereza. Kisha muulize maswali matatu: kinachotajwa ni nini, msemaji anakionaje, na je, kuna aliyetukanwa? Usimsaidie kujibu. Nimewaona wanafunzi wakieleza walichokusudia kabla mwenzao hajafungua mdomo, na jaribio likawa halina faida.

Akijibu swali la kwanza na kusitasita kwenye la pili, tatizo liko hatua ya 5. Badili kiambishi kabla hujabadili neno. Akiona tusi ambapo hapakuwa na tusi, tatizo liko hatua ya 4. Tafsiri ya kijana wa kibanda cha shanga ingeanguka kwenye swali la tatu papo hapo. "Mama, mgeni anasema amejipatia vijizawadi vyake, anashukuru" ingepita yote, na mkasi usingewekwa chini.

## Hatua ya 8: Ukitaka kulitumia wewe mwenyewe katika Kiingereza

Linafaa katika hadithi inayotokea zamani, katika makala ya mtu anayeandika kwa ulimbwende, na unapozungumzia vitu vyako mwenyewe kwa unyenyekevu mbele ya mtu anayelijua neno. Siku hizi halisikiki mara nyingi, na wasikilizaji wengi watakuomba ulieleze.

Usilitumie kamwe kwa kazi ya mikono ya mtu aliye mbele yako, iwe shanga, kinyago au mkeka, hata kama una hakika kwamba hajui Kiingereza, kwa sababu aliye pembeni yake huenda anakijua. Usilitumie kwa chakula ulichokaribishwa. Na kwenye risiti, orodha ya mizigo au fomu ya forodha usiliandike kabisa. Afisa anataka kujua kama ni shanga, mbao au ngozi, na ni vingapi.